Kadi Mbili Zilizobaki Kambani

Nyinyi walimu wapya mnaokuja kukaa barazani kwangu na madaftari yenu, nakujueni. Mnataka nikupeni dawa. Mnataka niseme fanya hiki, kisha fanya hiki, na yule mtoto aliyejikunja pembeni anaziba masikio atafumbua mdomo azungumze Kiingereza kama mtangazaji wa redio. Sina dawa hiyo. Nimesomesha Kiingereza madarasa ya chini miaka thelathini na kitu, skuli moja tu ya hapa Mji Mkongwe, na nilichotoka nacho ni vibanio vya nguo, makosa mengi, na kisa cha mtoto mmoja. Kunyweni kahawa kwanza. Halafu tuanze na vibanio.

Nunueni vya mbao. Hivi vya plastiki vya sokoni Darajani vinavunjika mwezi haujaisha, na mtoto mwenye usonji, hii wanayoiita autism, akivunjikiwa na kibanio mkononi, asubuhi yenu yote imekwenda na maji. Kamba iwe ya kuanikia nguo, ifungwe usawa wa macho ya mtoto, siyo yenu. Kadi mimi nilikata maboksi ya biskuti, nikachora mwenyewe, na chini ya kila picha nikaandika neno: SONG, WATER, BOOK, PLAY, STORY, na ya mwisho GOODBYE, yenye picha ya mkono unaopunga. Zinabanwa kambani kwa utaratibu wa siku. Jambo likimalizika, mtoto mwenyewe anaitoa kadi yake na kuitia katika kopo. Anaona kilichokwisha, anaona kilichobaki. Sisi wengine siku tunaibeba kichwani. Yeye anataka aione kwa macho na aishike kwa mkono, na ukimnyima hilo anaishi na hofu kutwa nzima.

Haya yote sikuyajua siku Nasra alipoletwa darasani kwangu.

Alikuwa na miaka saba, mwembamba, ushungi umemkaa upande, na alikuwa akitembea kwa ncha za vidole kama sakafu ina moto. Aliletwa na baba yake, Bwana Makame, mhudumu katika hoteli moja ya Kendwa. Mama yake Nasra alikuwa ameachika zamani, kaolewa Pemba. Mtoto akikaa hapa mjini na shangazi yake, na Makame akirudi kila mwisho wa wiki. Aliniamkia, akangoja watoto watoke kwenda kucheza, ndipo akasema lake.

"Maalim Raya, mie kwa waganga nshakwenda, hospitali nshakwenda. Kila mtu ananambia huyu mgonjwa. Wewe usinambie hivyo, nakuomba. Nisomeshee tu. Kule kazini kwetu mwenye Kiingereza ndiye mwenye kazi."

"Inshallah tutajaribu," nikamwambia.

"Na jengine. Dada yangu anakaribia kuolewa. Skuli ikimshinda mtoto, mchana hana wa kukaa naye. Itabidi nimpeleke kwa mama yangu Chwaka, na nikishampeleka huko ndo basi tena, skuli hatoiona. Na mimi nitamuona Idi hadi Idi."

Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu tangu siku ya kwanza. Nasra akiweza skuli, anabaki na baba yake. Akishindwa, anapelekwa. Nililijua vizuri kabisa, msije mkasema sikuambiwa.

Sasa nikwambieni kosa la mwanzo. Nilimwuliza, "What is your name?" Akanijibu, "What is your name?" Sauti ile ile, mpaka kile kikohozi changu kidogo cha katikati. Darasa likaangua kicheko. Nikauliza tena, akanirudishia tena. Mimi mtu wa hasira, hilo mtaa mzima unalijua, nikaona huyu kitoto ananidhihaki mbele ya watoto sitini. Nikamsimamisha nyuma ya mlango. Wiki tatu nzima, kila somo langu, Nasra yuko nyuma ya mlango kwa jeuri ambayo hana. Neno usonji nilikuwa sijapata hata kulisikia. Lilikuja baadaye, kwenye semina, na chai na sambusa. Nilipolisikia na kuelezwa maana yake sikuweza kuila ile sambusa.

Aliyenifungua macho hakuwa mtu wa semina. Alikuwa Maalim Haji, mzee mwenye chuo cha Kurani nyuma ya skuli yetu, ambako Nasra akienda alasiri. Alinisimamisha njiani.

"Bi Raya, yule mtoto wa Makame vipi kwako?"

"Jeuri, maalim. Nikisema neno ananirudishia hilo hilo."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Kwani mimi pale chuoni nasomesha vipi? Nasema, wananirudishia. Nasema tena, wananirudishia tena. Yule anayerudisha neno kama lilivyotoka kinywani mwangu ndiye namwita hodari. Nasra keshahifadhi sura saba. Wewe huyo huyo ndiye unamwita jeuri?"

Kesho yake nikamtoa nyuma ya mlango, nikamkalisha karibu na dirisha, na nikaacha kumuuliza. Nikaanza kumpa. Badala ya kusema "What is your name?" nikainama karibu naye nikasema kwa sauti ndogo, "My name is Nasra." Akasema, "My name is Nasra." Subhanallah, mtoto akapata jina lake kwa Kiingereza kwa dakika moja, baada ya wiki tatu za kutazama ubao wa mlango. Basi shikeni hilo: mtoto anayerudisha neno, mpe neno la kurudisha. Mpe jibu, siyo swali. Swali litakuja lenyewe mbele ya safari. Na ukishasema, nyamaza, hesabu mpaka kumi moyoni. Mwalimu kunyamaza ni kazi ngumu kuliko zote, mimi ilinitoa jasho.

Wala usimshike kidevu umgeuze akutazame. Masikio hayako machoni.

Hata kuagana tuliagana hivyo hivyo. Saa ya kutoka namwinamia nasema, "Goodbye, teacher," naye anarudisha, "Goodbye, teacher," anaitia kadi ya mwisho katika kopo, anakwenda zake. Walimu wenzangu walikuwa wakinicheka kwamba kila siku najiaga mwenyewe. Nikawaambia bora mimi nina wa kumuaga.

Msidhani ilikuwa huzuni tupu. Siku moja alikuja mkaguzi, mtu wa suti na sauti nzito. Alimkuta Nasra kasimama, akamwambia, "Sit down." Nasra akamrudishia, "Sit down," kwa sauti nzito ile ile, na kwa utulivu wa mwalimu mkuu. Mkaguzi akakaa. Wallahi alikaa, na alipogundua kiti chenyewe ni cha mtoto, magoti yalikuwa yamekwisha kumfika masikioni. Nilijificha nyuma ya ubao.

Na siku ya mbuzi je? Nilikuwa nimetunga hadithi ya paka aliyepotea Darajani, anakwenda kwa muuza samaki, kwa muuza malimau, kwa fundi viatu, kila mmoja anamwuliza unakwenda wapi. Nikamchora paka kwenye boksi. Nikauliza darasa, nini hiki, darasa zima likaitikia, "Cat!" kwa sababu nimeshawaambia ni paka. Pale dirishani ikatoka sauti, "Goat." Hakuna aliyemwambia neno hilo siku ile. Lilikuwa lake, kalitoa mwenyewe kichwani kwake, lilikuwa neno lake la kwanza lisilo la mtu mwengine. Nikaitazama tena picha yangu. Alikuwa mbuzi, jamani. Ndevu alikuwa nazo. Tangu hapo kila nikisoma hadithi ile, nikifika "a cat" tu, Nasra ananisahihisha, na mimi moyoni nacheka mpaka machozi.

Nikafika mahali nikaanza kujivuna. Hapo ndipo shetani alipopata kiti.

Mnayajua maamkizi ya skuli zetu. Mgeni akiingia, watoto wanasimama kwa mkupuo na kupiga ukelele mmoja wa kumwamkia. Hatuwafundishi upya, wanaukuta tu, kama wanavyoukuta ukuta. Na kuta zetu hizi nene za mawe zinaurudisha ule ukelele mara mbili. Kwa Nasra ulikuwa kisu. Kwa hiyo darasa langu nililizoesha kuamkia kwa sauti ya chini, viganja juu ya meza. Ilichukua muhula mzima. Lakini lilikuwa darasa langu tu.

Ikaja siku ya wazee kuja skuli kuwatazama watoto wao, tukaifanyia ukumbini, madarasa yote. Makame aliomba ruhusa kazini, akaja na shati jeupe lililopigwa pasi. Mwezi ule dada yake anaolewa, na uamuzi wake ulikuwa unangoja siku hiyo: akimuona mtoto anasoma, atatafuta mtu wa kumlipa akae na Nasra mchana, mtoto abaki mjini. Akishindwa, Chwaka. Tukapatana, mimi na yeye, kwamba Nasra hatosimamishwa mbele. Atakaa pembeni mwa ukumbi na kamba yake na kopo lake, nitamsomea hadithi kama kila siku, na baba yake atakaa nyuma asikilize. Kadi zilikuwa nne: SONG, WATER, STORY, GOODBYE.

Wimbo ukaenda vizuri. Akaitoa kadi. Maji akanywa, akaitoa kadi. Nikachukua kitabu changu cha maboksi. Hapo mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Mgeni rasmi anataka kuondoka. Una chochote cha kumuonesha?"

Ningeweza kusema sina. Wapo watoto hodari kumi ningeweza kuwatoa mbele. Lakini nilimtazama Makame pale nyuma, nikawatazama walimu waliokuwa wakinicheka, na nikataka, nataka mnielewe, nikataka waone kazi yangu. Kazi yangu mimi. Nikamshika Nasra mkono, nikampeleka mbele ya ukumbi mzima. Kadi ya jambo hilo haikuwepo kambani. Hadithi yake niliikata.

Nikamwinamia, "Good morning, our visitors." Akafumbua mdomo. Naapa alikuwa karibu kusema. Mgeni rasmi naye, kwa adabu yake, akasimama. Na watoto mia tatu walipomuona mgeni kasimama, wakafanya walichokizoea: wakainuka kwa mkupuo wakapiga ule ukelele.

Mimi ndiye niliyesahau. Sikuwaambia walimu wengine wawazuie watoto wao. Jambo nililolijua muhula mzima, siku ile moja lilinitoka.

Nasra alianguka chini, akaziba masikio, akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwa mtoto. Nilipomshika akaniuma mkono, kovu hili hapa, litazameni. Nguo zikamlowa. Na watu wote ukumbini wananitazama mimi. Kikanishika kitu kibaya kuliko hasira, ikanishika haya. Nikainua uso, nikamtolea mgeni rasmi tabasamu, nikasema, "Samahani, mheshimiwa. Huyu ndivyo alivyo, mgonjwa."

Makame alikuwa keshafika mbele. Alilisikia.

Hakupiga kelele. Alimfunika mwanawe kwa shati lake lile jeupe, akabaki na fulana mbele ya watu, akambeba. "Hata wewe, maalim," akasema. Hayo tu. Walipopita pale pembeni Nasra akanyoosha mkono akaishika kamba yake, haikutoka, akaivuta mpaka ikakatika, na kopo akalikumbatia. Kambani zilikuwa zimebaki kadi mbili.

Wiki ile ile alipelekwa Chwaka.

Mtaniuliza, ulimfuata? Sikumfuata. Nilisema nitakwenda Jumamosi, Jumamosi ikawa na harusi. Nikasema nitakwenda likizo. Nilijiambia nina watoto wengine sitini. Chwaka siyo Ulaya, ni safari ya asubuhi kwenda na adhuhuri kurudi, na mimi nilitumia miaka kumi na moja kuifikiria. Muoga hakosi sababu. Nikaendelea kusomesha, nikapata watoto wengine wa aina yake, wanne nawakumbuka kwa majina, na hao nilikuwa nao makini mno, kila mmoja na kamba yake. Wawili leo wanasoma Kiingereza kunishinda. Watu wakinisifu namkumbuka Nasra, sifa zote zinanigeukia shubiri.

Nimeshastaafu, siku moja niko Darajani nachagua samaki, changu wa kupika, mtu ananiamkia nyuma, "Shikamoo, maalim." Kugeuka, Makame, ndevu nyeupe. Nilitamani nimezwe na ile meza ya samaki. Nikasema marahaba, nikasema unisamehe, nikashindwa kumaliza.

"Nshakusamehe zamani," akasema. "Lakini nenda ukamuone. Bado ana siku yako."

Sikufahamu ana maana gani. Jumamosi iliyofuata nilikwenda.

Mama yake Makame, Bi Mize, alinipokea kwa madafu kama kwamba mimi ni mtu mwema. Nasra alikuwa uwani, mwanamke mzima sasa, amekaa jamvini anafunga mwani kwenye kamba za kulimia. Kila kishada kimelingana na mwenzake, hakuna kilichozidi. "Hakuna anayefunga kama yeye pwani yote hii," Bi Mize akasema. "Lakini skuli sikumpeleka tena. Niliogopa kuchekwa kwake."

Nilimwamkia Nasra. Hakunitazama. Aliweka mwani chini, akanawa mikono taratibu, akaingia ndani. Nikamwambia Bi Mize, ana haki, naomba ruhusa niondoke.

"Kaa," akasema. "Saa yake haijafika bado? Imefika. Kila siku baada ya alasiri anaitundika ile kamba, anakaa mbele yake mpaka karibu na magharibi, halafu anaitoa. Tangu siku aliyoletwa. Mimi kazi yangu ni kuzitia kadi nailoni mpya zisiliwe na unyevu."

Nasra akatoka na kamba. Ile ile, iliyokatika. Akaifunga baina ya misumari miwili ukutani, usawa wa macho ya mtoto wa miaka saba, na kuibana STORY, na kuibana GOODBYE. Kopo akaliweka chini. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani, anatazama pembeni, anangoja.

Ndipo nilipofahamu. Siku ile ya wazee sikuimaliza. Nilimwondoa kabla ya hadithi, na yeye hakuwa mtu wa kuruka kadi. Miaka kumi na moja mtoto yule alikuwa bado yuko skuli.

Kitabu sikuwa nacho. Nikaisema kwa moyo, kwa Kiingereza, kwamba siku moja, one day, a cat went to the market.

"Goat," akasema Nasra.

Nikasema ndiyo, goat. Nikampeleka mbuzi wetu kwa muuza samaki, na kwa muuza malimau, na kwa fundi viatu, sikumwacha hata mmoja. Ilipokwisha akasimama, akaitoa STORY, akaitia katika kopo. Ikabaki moja.

Sikutaka. Nilitaka nibaki pale, nimwombe msamaha, nimwambie mengi. Lakini alikuwa anangoja neno lake, na kazi yangu ilikuwa kumpa. Mimi ndiye ninayekufundisheni nyinyi, mpe mtoto neno la kurudisha. Nilijua nnapaswa kusema, "Goodbye, teacher." Kilio kikanizidi, nikakosea tena, nikasema, "Goodbye, Nasra."

Nikanyamaza. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Nilifika tisa.

"Goodbye, teacher," akasema.

Hakurudisha langu. Lilikuwa lake. Akaitoa kadi ya mwisho, akaitia katika kopo, akatia kifuniko, akakikandamiza kwa kiganja mpaka kikakaza. Akaifungua kamba ukutani, akaikunja, akampa bibi yake kama mtu anayerudisha kitu kisichohitajika tena. Kisha akarudi jamvini kwenye mwani wake, na hakugeuka kunitazama, maana saa ya skuli ilikuwa imekwisha.